Siku Niliyosema Safari Haichoshi

Nywele za mjukuu wangu mdogo nilikuwa nazisuka mara nne kwa msimu, kila mara kwa dakika ishirini, ndani ya chumba cha kubadilishia nguo kinachonuka glavu mbichi. Mara mbili Guangzhou, mara mbili Shenzhen. Kichwa kinakuwa bado cha moto kutoka kwenye helmeti, jasho linamchuruzika nyuma ya masikio, na mimi vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya uwanja. Mistari sita ya kurudi nyuma, mafuta ya nazi, basi. Dada yake anakaa mbele yake kwenye benchi amemshika mikono asitikisike. Nje gari lao linaunguruma, kocha wao anahesabu watoto, na mimi nazidi kukaza. Hakuna mtu mwingine Shenzhen aliyejua kuzifanya nini zile nywele. Kila nikimpata nilikuta kichwa kimefungamana kama nyuzi za gunia, na nikifungua nilisikia anavuta pumzi kwa maumivu, lakini hakulia hata siku moja.

Hao wawili ni wa mwanangu wa kike. Mkubwa ana miaka tisa na mdogo minane. Wamepishana miezi kumi na mmoja, maana mwanangu nilipomwambia apumzike hakunisikia. Baba yao ni Mchina wa Xintang, mtu wa jinzi. Mwanangu alikwenda karakanani kwake kuagiza suruali za kupeleka Dar es Salaam, akarudi na suruali na mchumba. Nilikuja huku mkubwa alipozaliwa, nikasema nitakaa miezi mitatu nimkande mzazi, nikabaki. Natoka, naingia, viza inaisha, naomba nyingine. Chakula cha huku nimekizoea, baridi ya mwezi wa kwanza sijaizoea.

Waliishi vizuri miaka kadhaa, halafu wakaishi vibaya. Walipoachana waligawana watoto, kama wanavyofanya wengi hapa: huyu wako, huyu wangu. Mkubwa akabaki kwetu Xiaobei, mtaa wetu hapa Guangzhou. Mdogo akachukuliwa na baba, akahamia naye Shenzhen kwa mke mpya. Walikubaliana watoto waonane kila mwezi. Mwezi wa kwanza walionana. Wa pili mtoto ana homa. Wa tatu mtoto ana mtihani. Mtoto wa miaka sita ana mtihani gani? Baada ya hapo simu ikawa inaita mpaka inachoka. Mwanangu alikwenda mpaka mlangoni kwao, akaambiwa na mlinzi wa getini kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya wageni. Alirudi akaingia kuoga, maji yakamwagika saa nzima.

Aliyewapeleka watoto kwenye hoki ya barafu ni baba yao. Aliona watoto wa matajiri wanacheza, naye akataka wake wacheze. Mimi nilicheka. Watoto wenye damu ya Pwani, kuteleza juu ya barafu na visu miguuni, wakifukuzana na kidude cheusi kama soli ya kiatu. Lakini walikuwa wepesi. Nasema si kwa sababu ni wangu. Wengine walikuwa wanaanguka kama viazi, wao wanapita katikati. Baada ya kuachana kwao mkubwa aliendelea na timu yetu hapa, na yule mdogo, kumbe, baba yake alimwandikisha kwenye timu ya Shenzhen. Sisi hatukujua. Tulijua siku timu mbili zilipokutana.

Ilikuwa Jumamosi, huko kwao. Mkubwa alikuwa anakimbilia kidude, akainua uso, akasimama katikati ya barafu kama mtu aliyesahau alichofuata dukani. Wenzake wakampita. Kocha akampigia kelele. Yeye kasimama tu, na kule upande wa pili kuna kitoto kingine kimesimama, kifupi zaidi, helmeti imekaa upande. Niliinuka kwenye kiti na thermosi yangu ya chai ikadondoka. Baba yao alikuwa amekaa safu ya juu na simu yake. Aliniona, nami nikamwona. Angeweza kumchukua mtoto akaondoka, lakini kulikuwa na wazazi wenzake, wamevaa makoti mazuri, na yeye hakutaka wajue. Mbele za watu alinisalimia vizuri kabisa. Nikaelewa hapo hapo: kwenye uwanja wa barafu hawezi kunifungia mlango.

Kwa hiyo kwa misimu miwili ile mechi za Shenzhen ndizo zilikuwa sikukuu zetu. Tulitoka Xiaobei asubuhi, metro mpaka stesheni ya kusini, treni ya kasi, metro nyingine, halafu kwa miguu. Begi la vifaa ni kubwa kuliko mtoto, na nalivuta mimi. Walinzi wa metro walikuwa wanatusimamisha kwa ajili ya magongo. Mmoja alifungua begi ili akague, harufu ya glavu ikampiga usoni kama papa mkavu, akafunga upesi akatuambia twende. Mjukuu wangu alicheka mpaka stesheni ya tatu. Nilikaanga visheti usiku uliotangulia. Nilibeba kitana, mafuta na uzi. Magoti yangu yanajua kila ngazi ya ile stesheni. Njiani sikusema naumwa, maana mtoto angeona kuwa kumfuata mdogo wake ni mzigo.

Sasa nieleze ujinga wangu unatoka wapi. Kwetu Unguja nimelelewa kwamba mtu akiumwa na jambo la nyumbani kwake, anajisitiri. Mama yangu aliachwa na mume, akaendelea kupika futari ya watu wanane ili majirani wasijue nyumba imepungua. Mimi nilimwona. Nilimsaidia kubeba masufuria. Kwa hiyo mwanangu alipoachwa, na mtoto alipochukuliwa, niliwaambia watu wa nyumbani kwamba mdogo yuko shule ya bweni Shenzhen, shule nzuri sana, inafundisha piano. Xiaobei nilisema hivyo hivyo. Pale kwenye jengo la Tianxiu kuna wakala wa mizigo kutoka Dar ambaye mwanawe yuko timu moja na mjukuu wangu, na mkewe habari akiisikia adhuhuri, alasiri imeshafika Kariakoo. Kila tukikutana ananiuliza habari za yule wa bweni. Nasema anaendelea vizuri, kawa wa pili darasani. Safari nyingine nilisema wa kwanza.

Msimu uliopita ulipokaribia kuisha, tukaambiwa ligi ya watoto wa chini ya miaka kumi inapangwa upya. Kulikuwa na timu kumi na makundi mawili, na makundi yalikuwa yamechanganywa bila akili. Watoto wa Changsha na wa Nanning walikuwa wanakaa kwenye treni saa nyingi karibu kila wiki, wakati wa Zhuhai na Dongguan hawatoki kwao. Wakubwa wa ligi wakasema watasawazisha safari: kundi moja la pwani, Shenzhen, Dongguan, Zhuhai na wenzao, kundi la pili la bara, Changsha, Nanning, Foshan. Timu za Guangzhou ni mbili na sisi tuko katikati. Moja ilipaswa kwenda pwani, moja bara. Na makundi mawili hayakutani tena mpaka fainali, ambayo timu yetu haijawahi kuinusa.

Nilisomewa tangazo na mama wa golikipa wetu. Huyu ni Mchina, lakini aliuza maua ya plastiki Kariakoo kwa miaka minane na Kiswahili anakiporomosha kama mpiga debe. Ananiita mama. Yeye alikuwa ameshajua mambo yangu. Siku moja alinikuta chumbani nasuka, akatazama sura za wale watoto wawili, hakuuliza. Alifunga mlango tu ili baridi isiingie.

Tukaitwa kwenye kikao, kwenye chumba cha juu cha mgahawa ulio kando ya uwanja, saa sita mchana. Mwanangu alikuwa bandarini Huangpu, kontena lake limezuiwa, kwa hiyo nikaenda mimi. Kwenye ngazi mama wa golikipa alinishika mkono.

"Mama, leo sema ukweli. Sema wale ni ndugu, hawana pa kuonana pengine. Watawapanga pwani, imeisha."

Nikamwambia siwezi kutandaza nguo zangu za ndani mbele ya watu wazima arobaini.

"Wewe mama kichwa ngumu kama bosi wa Xintang," akasema. "Basi nisemee mimi?"

Nikamwambia akithubutu nitaacha kumpa visheti. Alicheka, mimi nilikuwa sichezi, naye akaliona hilo usoni mwangu akatangulia kupanda.

Mtu wa ligi alikuwa wa makamo, miwani, sauti ya upole. Alionyesha ramani ukutani, na chini yake mistari ya rangi, kila timu na saa zake za safari. Mstari wa Changsha ulikuwa mrefu mpaka ukagusa mlango. Akasema anataka kusikia kila timu inabeba nini, na haamui leo. Wazazi wakaanza. Huyu mwanawe anatapika kwenye basi. Huyu mtoto anafanya hesabu za shule kwenye treni na amepata alama mbaya. Babu mmoja wa timu ile nyingine ya Guangzhou alipandisha suruali akaonyesha goti lililofungwa bendeji, watu wakamhurumia. Kila mmoja alilia. Mimi nilikaa nawasikiliza, na nasema kweli, niliwadharau. Nilijiambia, hawa wanalia hivi wakati watoto wao wanalala nao nyumba moja.

Nilikuwa nimejipangia. Sitasema habari za ndugu. Nitasema makundi yabaki yalivyo, kwa sababu safari si tatizo. Kama safari si tatizo, hakuna haja ya kupanga upya, na Shenzhen inabaki. Kichwani mwangu ilikuwa imenyooka kabisa.

Nikasimama. Kichina changu ni cha sokoni, lakini kinafika, na palipogoma mama wa golikipa alinisaidia. Nikasema nina miaka sitini na nane. Nikasema nimetoka ng'ambo ya bahari, magoti yangu mabovu kuliko ya huyo babu, na sijawahi kukosa mechi hata moja. Nikasema watoto wa timu yetu hawatapiki, hawalii, wakiambiwa twende wanakwenda. "Safari haichoshi," nikasema. "Anayechoka ni asiyempenda mtoto wake. Acheni makundi kama yalivyo."

Walinipigia makofi. Hata yule babu alipiga. Kocha wetu alisimama. Mtu wa ligi alivua miwani akaifuta, akaniinamishia kichwa, akaandika. Nami nikakaa nimejaa kama jahazi lililoshiba upepo, najitazama viganja, nafikiri mama yangu angeniona. Mke wa yule wakala alinigeukia akaninyanyulia dole gumba. Mama wa golikipa peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anatazama ile mistari ya rangi ukutani.

Siku ya tisa orodha ikaingia kwenye simu. Timu ile nyingine ya Guangzhou, ya babu wa goti, imepangwa pwani pamoja na Shenzhen. Timu yetu imepangwa bara. Na chini yake kulikuwa na maneno, mwanangu akanisomea akiwa amekaa juu ya katoni la mabegi ya shule: kwamba ligi inaishukuru timu yetu kwa moyo wake, kwa kuwa imesema wazi kwamba safari ndefu si mzigo kwake, na inamshukuru hasa bibi mzee Mwafrika kwa mfano aliotoa.

Mwanangu alisoma mara ya pili, polepole. Akauliza nilisema nini kule. Nikamweleza. Hakunipandishia sauti. Aliendelea kufunga lile katoni kwa gundi ya utepe, akapitisha gundi juu ya gundi, mpaka nikamshika mkono.

"Mama, si ungesema tu," akasema.

Nikamwuliza ningesema nini, kwamba mimi bibi mtu mzima natafuta mjukuu wangu kwenye vyumba vya kuvulia viatu? Akasema ndiyo. Ungesema hivyo hivyo.

Nilikaa siku nne nimenuna kama mwenye kuonewa. Siku ya tano nilijifunga nikaenda ofisini kwa mtu wa ligi, nikamchukua mama wa golikipa anisemee, na safari hii nilimwambia kila kitu: mlinzi wa getini, simu inayochoka, nywele. Mtu wa ligi alisikiliza mpaka mwisho. Alinimiminia maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi. Akasema angeambiwa siku ile, angeweka timu yetu pwani, na ingekuwa sababu bora kuliko zote alizosikia. Lakini sasa viwanja vimeshalipiwa, ratiba imesainiwa na timu kumi, na babu wa goti tayari ameshaambiwa hatosafiri mbali. Msimu ujao atanikumbuka. Nikamwambia msimu ujao mkubwa anatimiza kumi, anapanda daraja la juu, na mdogo anabaki. Hata wakiwekwa kundi moja hawatakutana. Alitazama karatasi zake, akahesabu miaka kwa vidole kama mtoto. Akasema meiyou banfa, hakuna njia. Hilo neno nimelisikia kwa wauza vitambaa, kwa madereva, kwa watu wa viza, na siku zote nimelijibu. Siku ile nilikunywa yale maji ya moto nikaondoka.

Mwanangu alimpigia baba yao, mara hii akapokea. Akasema mtoto ana masomo mengi, labda sikukuu ya mwaka mpya wao. Mwaka mpya ukapita. Kwenye ukurasa wa timu yao ya Shenzhen waliweka picha ya msimu mpya, na mdogo alikuwa mstari wa mbele, kanyolewa kichwa chote. Niliivuta ile picha kwa vidole mpaka sura ikaharibika. Alikuwa anacheka. Sijui kama alinyolewa kwa kuwa walishindwa na zile nywele, au aliomba mwenyewe. Kumwuliza siwezi.

Safari ya kwanza ya Changsha ilikuwa mwezi wa tatu. Treni ilijaa mvuke wa tambi za kikombe. Timu yetu ilichukua nusu ya behewa, wazazi mbele, watoto nyuma, na mjukuu wangu alikuja kukaa nami kwa kuwa jirani yake alikuwa anakoroma. Kwa muda alitazama mashamba. Halafu akaniuliza kama ni kweli nilisema safari haichoshi. Watoto wenzake walikuwa wamemwambia, tena kwa sifa, kwamba bibi yako ndiye aliyetufanya twende mbali.

Nikasema ni kweli nilisema.

"Ulikuwa unasema uongo?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilifikiria kumdanganya, nikachoka. Nikamwambia niliona aibu. Sikutaka watu wajue kwamba mdogo wake haruhusiwi kuja kwetu. Nilitaka wajue yuko bweni.

Aliniangalia kama ninavyomwangalia yeye akivaa soksi moja.

"Lakini Bibi, wanajua. Mimi niliwaambia wote zamani, tulipokuwa darasa la kwanza. Hata mama wa yule wa Dar anajua. Huwa ananipa juisi mbili, anasema moja ya mdogo wangu."

Nilitazama vichwa vya wale wazazi juu ya viti, kimoja kimoja, na kile cha mke wa wakala, ushungi wa kijani, ambacho kwa misimu miwili nilikipa habari za bweni na piano na nafasi ya kwanza darasani, nacho kikaitikia mashaallah kila mara. Alikuwa ananisitiri. Wote walikuwa wananisitiri. Walikaa kwenye kile kikao na jambo langu midomoni mwao, wakaniona nasimama, wakangoja nilitoe mwenyewe, na nilipotoa lingine wakanipigia makofi ili nisiaibike.

Mama wa golikipa alikuwa kiti cha mbele yetu na alisikia yote. Hakugeuka. Aliingiza mkono kwenye nafasi kati ya viti, akaacha kiganja kiko wazi, na baada ya muda nikaweka wangu. Mjukuu wangu aliuliza bado saa ngapi. Nikamwambia moja na nusu. Akauliza kama nimechoka.

Nikamwambia nimechoka sana.